Ndama wa Kuazima

Kiburi alikuwa ngamia asiyebembelezeka. Ndama wake alipokufa kwa kuhara, alisimama zizini akitazama ukuta wa mabati kama mtu aliyedhulumiwa, na maziwa akayafunga. Ngamia ndivyo alivyo. Ng'ombe utamkamua hata akiwa amenuna, lakini ngamia asipoguswa kiwele na ndama hashushi maziwa, na ukimlazimisha utaambulia povu na teke.

Mwenye Kiburi alikuwa mke wa fundi wa kuchomelea mageti, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Usafi. Jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Kila asubuhi, kwenye foleni ya kituo cha kupokea maziwa, aliwaeleza wenzake, hata wasiouliza, jinsi anavyonawa mpaka kwenye viwiko, jinsi anavyokata kucha, jinsi ndoo yake inavyoanikwa juani kifudifudi. Ngamia wawili wa Mama wa Kona walipougua viwele na maziwa yao yakakataliwa pale dirishani, Bi Usafi alisema kwa sauti ya kusikika, "Wengine wanakamua na kucha za wiki nzima, halafu wanashangaa." Foleni iliangua kicheko. Mama wa Kona alibeba dumu lake akaondoka, na hakugeuka. Tukishike hicho kicheko, maana bila hicho yaliyofuata yataonekana ujinga mtupu, na Bi Usafi alikuwa na mengi lakini mjinga hakuwa.

Upande wa pili wa ukuta wa mabati aliishi dada wa mumewe, mjane, ambaye jina lake la mtaani lilikuwa Spika. Huyu kunong'ona hakujaliwa. Akikusalimu wewe, anaitikiwa na mtaa wa pili. Watu walitarajia mawifi hawa wang'oane nywele, lakini walipatana mpaka fundi akawa analalamika kwamba nyumbani kwake hana wa kumtetea.

Spika alikuwa na ngamia mmoja tu wa kukamua, Bibi Harusi, aliyepewa jina hilo kwa kope zake ndefu na mwendo wake wa kujua anatazamwa. Wenzake walikuwa na waume, mageti, maduka. Yeye alikuwa na Bibi Harusi. Mkate, sabuni na nguo za mjukuu wake mchanga vilitoka kwenye chuchu zile nne.

"Wifi!" alipaza sauti asubuhi moja juu ya mabati. "Huyo mwenzetu bado kanuna?"

"Bado, wifi yangu. Hata tone."

"Mchukue Kidoti basi. Akishamaliza kwa mama yake, mpeleke akamchokoze. Huyu ndama hana adabu, atanyonya hata bomba la maji."

"Si nitakupunguzia wewe?"

"Chukua bwana! Kwani nakupa figo?"

Kidoti alikuwa ndama wa Bibi Harusi, mwenye doa jeupe kati ya macho na miguu mirefu asiyojua aifanyie nini. Walimfunika ngozi ya marehemu ili Kiburi asikie harufu ya mwanawe. Kiburi alinusa, akapiga chafya, akamnusa tena kwa dharau. Baada ya siku kadhaa za kuzungushana, alikubali. Ukawa utaratibu: Kidoti anavuta mara chache, chuchu zinajaa, anaondolewa na kufungwa kwenye nguzo, na Bi Usafi anakamua mbiombio, amesimama kwa mguu mmoja, mwingine umekunjwa juu ya goti na ndoo imekaa pajani, kwa sababu maziwa ya ngamia yakishashuka hayamsubiri mtu.

Maziwa yalirudi, na Bi Usafi akarudi kwenye foleni na hotuba zake. Halafu siku moja, akiwa katikati ya kukamua, mkono wake ukagusa jambo. Kiwele cha Kiburi, upande wa nyuma kushoto, kilikuwa cha moto na kigumu kama embe bichi. Alivuta ile chuchu ya nyuma. Yakatoka maji ya manjano yenye mabonge.

Mtu anayekamua kila siku hahitaji kuelezwa hiyo ni nini. Alijua pia la kufanya, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine: ndama wa watu anarudishwa kwao saa hiyohiyo, daktari anaitwa, kituo kinaarifiwa. Alisimama pale na mguu wake mmoja kama korongo, akakiona kicheko cha foleni kikimgeukia. Akamwona Mama wa Kona akiwa wa kwanza kucheka. Akashusha mguu, akamwaga yale maji nyuma ya zizi na kuyafukia kwa mchanga.

Dawa alienda kuinunua duka la mbali, ambako hakuna aliyemjua. Aliuziwa chupa yenye kizibo cha bluu na bomba la sindano, na akampiga Kiburi sindano mwenyewe shingoni, asubuhi na jioni, mpaka chupa ikaisha. Maziwa ya siku zile zote aliyamwaga, hilo tumpe haki yake, na kituoni akasema Kiburi kanuna tena. Ndama hakumrudisha. Angesema nini? Kiburi asipoguswa na ndama maziwa yangekauka kabisa, na Spika angeuliza kwa ile sauti yake kwa nini Kidoti hatakiwi tena, na mtaa wote ungesikia swali kabla yeye hajapata jibu. Kwa hiyo aliifunga ile chuchu mbovu kwa kitambaa, akajiambia kwamba ndama atanyonya zile tatu nzima tu, na kwamba hakuna aliyedhurika.

Asubuhi moja alichelewa kidogo kumwondoa Kidoti. Alipoinama, kile kitambaa kilikuwa kinaning'inia mdomoni mwa ndama, kimeloa, na mate ya manjano yanamtiririka kidevuni. Bi Usafi alikitoa kile kitambaa. Ng'ambo ya ukuta Spika alikuwa anaimba wimbo asioujua maneno, akijaza mapengo kwa la-la-la. "Umemaliza naye, wifi? Mama yake anamlilia huku!"

"Namleta," akajibu Bi Usafi. Alimfuta Kidoti mdomo kwa upindo wa gauni lake, akampeleka kwa mama yake, akatazama anavyojitupa chini ya kiwele cha Bibi Harusi na kuanza kunyonya. Kisha akarudi kwake, akafunga kitambaa kingine, na safari hii akakaza zaidi. Mimi simtetei. Nasema tu kwamba siku hiyo sukari ya chai aliitia mara mbili.

Dawa haikumsaidia Kiburi. Ule upande ulinyauka, chuchu ikabaki kama kidole cha glavu tupu. Zile tatu nyingine zilikuwa salama, na Bi Usafi, baada ya kuyachunguza maziwa mpaka macho yakamuuma, alirudi kituoni. Hakutoa hotuba. Wenzake walidhani anaumwa jino.

Akaanza kuamini kwamba limepita. Ndipo siku moja asubuhi, Bibi Harusi, ngamia mpole ambaye hata mbwa humpita chini ya tumbo, alimpiga Kidoti teke.

Bi Usafi alisikia kishindo na ukelele wa ndama. Alisimama na ndoo yake, akangoja. Sauti ya Spika ilipokuja ilikuwa ndogo, na hilo lilimtisha kuliko teke.

"Wifi, hebu njoo. Njoo uniangalizie hapa."

Alienda. Upande wa nyuma kulia wa kiwele cha Bibi Harusi ulikuwa umevimba na kung'aa. Spika alikuwa amepiga magoti, mkono wake wa kulia ameukumbatia kifuani. Kwenye kidole cha shahada alikuwa na jipu, alilolipata kwa kuchomwa na kijiti alipokuwa akipasua kuni.

"Ni hiki," alisema. "Ni kidole changu hiki. Kina usaha, na mimi kwa uvivu wangu nikamkamua nacho. Nimemwambukiza mwenyewe, wifi."

"Labda sicho."

"Kipi basi?"

Bi Usafi alifungua mdomo. Nilisema mjinga hakuwa. Alijua kabisa kwamba hapa ndipo pa kusema, na kwamba pakipita hapa, kusema kutazidi kuwa ghali. Akasema, "Magonjwa haya yana njia nyingi."

"Hapana. Kila siku unatuambia kwenye foleni: mikono, mikono. Tunakucheka tu." Spika alikitazama kidole chake kama anatazama nyoka. "Naomba unikamulie wewe. Wewe una mikono safi."

Tangu siku hiyo Bi Usafi akawa anakamua ngamia wawili. Kiburi alikuwa hatoi kitu, kwani Kidoti aliumia kiuno kwa lile teke na hakuletwa tena, lakini alimgusagusa hivyohivyo kwanza, kisha ananawa, ananawa tena, mpaka ngozi inamchubuka, ndipo anavuka upande wa pili. Spika alimsubiri mlangoni, mkono umefungwa kitambaa na juu yake mfuko wa plastiki, na kila siku alisema asante. Ilikuwa afadhali angemtemea mate.

Mjukuu ndiye aliyemmaliza nguvu kabisa. Binti yake Spika alishinda kazini na mtoto alibaki na bibi. Sasa bibi hakumshika. Alimlaza kwenye mkeka, akakaa mbali kidogo, akamchekesha kwa sauti. Mtoto akilia kutaka kubebwa, Spika aliita juu ya mabati, "Wifi! Mwenye mikono safi! Njoo umbebe mtoto wako huyu." Na Bi Usafi alienda, akambeba, mtoto akanyamaza begani kwake, na Spika akawatazama kwa jicho la mtu anayetazama chakula cha wengine.

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki. Alikuwa mtu wa maneno machache, shati lake lina madoa ya dawa ya kila rangi. Alitoa kibao chenye vikombe vinne, akakamua kidogo katika kila kikombe, akatia dawa na kuvizungusha. Vikombe vitatu vilibaki maziwa. Cha nne kikawa kama ute wa yai.

"Ugonjwa umeshika upande mmoja," alisema. "Tumewahi. Huyu ndama ananyonya kwingine?"

"Ananyonya kwa wifi pia," akajibu Spika. "Kiburi alifiwa, tukamwazima Kidoti. Lakini Kiburi ni mzima kabisa. Huko ni usafi mtupu, daktari, pale hata nzi wanavua viatu."

Daktari alimgeukia Bi Usafi. "Ni mzima?"

"Mzima," alisema Bi Usafi.

Neno moja tu. Daktari aliitikia kwa kichwa, akafungua mkoba wake, akatoa chupa yenye kizibo cha bluu.

Bi Usafi aliitambua kabla haijatoka yote. Alimtazama daktari akivuta dawa kwenye bomba, akimpapasa Bibi Harusi shingoni, akimchoma. "Asubuhi na jioni," alisema daktari. "Nitakuwa napita mwenyewe. Maziwa yote mmwage, na msiyamwage zizini. Nimechukua kidogo nipeleke maabara, lakini majibu yao hukawia."

Ikawa kama Bi Usafi alivyojua itakavyokuwa. Upande ule ulizidi kuwa mgumu. Kisha, siku aliyovuta chuchu ya nyuma kushoto, ya jirani, yakatoka maji yenye mabonge, na akabaki ameyashika kiganjani hajui ayaweke wapi. Daktari alipokuja jioni alipapasa kiwele chote.

"Zikienda na za mbele," alimwambia Spika, "huyu hatakuwa tena wa maziwa. Itabidi umwite mchinjaji. Nasema mapema ili usije ukasema sikukwambia."

Spika alimwendea Bibi Harusi mbele, akamwegemezea paji la uso shingoni, mkono wenye mfuko wa plastiki ameuficha nyuma ya mgongo ili usimguse.

Fundi alikuwa anakula alipomwona mkewe anaingia. "Dada yangu anasemaje?"

"Anasema ni kidole chake."

"Maskini. Kidole tu." Fundi akatafuna. "Wewe huli?"

"Nimeshiba," alisema, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni.

Kesho yake alienda dukani kwa daktari. Njiani alipanga maneno vizuri sana. Angeanza na Kiburi, aendelee na dawa, amalizie kwa kuomba asimwambie mtu. Alipofika, mkulima mmoja alikuwa anabishana juu ya dawa ya kuku, na wakati wa kumsubiri maneno yote yalimtoka.

"Daktari," alisema hatimaye, "ile dawa inafanya kazi kweli?"

"Kwa kawaida inafanya."

"Nasikia kuna mahali iligoma."

Daktari alinyanyua uso. "Wapi?"

"Nasikia tu."

"Kwa nani?"

"Watu wanaongea."

"Watu wanaongea mengi, mama. Nikibadilisha dawa kwa maneno ya foleni nitamaliza kabati lote." Alifunga droo. "Lakini nikijua kuna ngamia alipigwa dawa hiihii kwa ugonjwa huuhuu, akakataa kupona, leo hii nabadilisha. Ninayo nyingine. Ni kali, siitoi kwa kubahatisha. Maabara hawajajibu, na kile kiwele hakisubiri mtu. Kwa hiyo kama kuna kitu unakijua, sema."

Mlango gani mwingine alitaka afunguliwe? Mtu amemwekea na kiti. Bi Usafi aliangalia rafu, akaangalia makopo, akaona pakiti nyekundu. "Nipe hiyo," alisema.

"Dawa ya kupe? Mna kupe?"

"Wapo wapo."

Alitoka na dawa ya kupe, na zizini kwake kupe hakuwepo hata mmoja. Barabarani alijitukana kwa maneno ambayo hajawahi kumtukania hata adui. Aliona haya, si ya foleni tena. Foleni ilikuwa imekuwa kitu kidogo, watu wenye madumu tu. Alimwonea haya yule mwanamke wa ng'ambo ya ukuta, aliyekaa mbali na mjukuu wake kwa sababu ya uongo ambao yeye Bi Usafi angeweza kuuvunja kwa pumzi moja.

Jioni daktari alipokuja, Bi Usafi ndiye aliyeshika kamba ya Bibi Harusi. Spika alikuwa amemshika Kidoti pembeni kwa mkono wake wa kushoto. Daktari alipapasa kiwele, nyuma, kisha mbele. Mbele kulia alikaa sana.

"Huku panaanza kupata joto," alisema. Akachukua chupa ya kizibo cha bluu.

"Hiyo haitafanya kazi," alisema Bi Usafi.

"Mama, tuliongea asubuhi."

"Nilimpiga nayo Kiburi." Sauti ilitoka kavu, akaiacha iendelee ilivyo. "Aliugua kabla ya huyu. Upande wa nyuma kushoto. Nilinunua chupa mbali, nikamchoma mwenyewe mpaka ikaisha, haikusaidia kitu, chuchu imekufa. Na Kidoti alikuwa akinyonya. Niliifunga, akaifungua. Nilimwona na kitambaa mdomoni, nikamfuta, nikamrudisha kwa mama yake. Uliponiuliza, nikasema mzima. Nilikudanganya." Akageuka. "Wifi, si kidole chako. Haijawahi kuwa kidole chako."

Daktari ndiye aliyekuwa wa kwanza kufanya kitu. Alirudisha chupa mkobani na kuanza kuuliza, bila kupandisha sauti, kama anayeandikisha mtoto shule: alimpa kiasi gani, alimchoma wapi, mabonge yalikuwa ya rangi gani. Bi Usafi alijibu kila swali. Kisha daktari alienda upande wa pili akamtazama Kiburi, akarudi na uso ambao haukuwa wa mtu wa maneno machache bali wa mtu anayeyameza.

"Ungesema siku ya kwanza," alisema, "angebaki na chuchu tatu." Akavunja kizibo cha chupa nyingine.

Spika alimwachia Kidoti. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akauvua ule mfuko wa plastiki, akafungua kitambaa mzunguko mmoja mmoja. Chini yake kidole kilikuwa kimeshapona, ngozi mpya ya waridi, hata kovu halionekani vizuri. Aliendelea kukigeuzageuza. Bi Usafi alisimama na kamba mkononi, akingoja lile spika lifunguliwe. Alilitamani. Alitaka atukanwe mpaka mtaa wa pili wasikie, wajue yeye ni nani, waje waone.

Spika aliinuka, akanawa bombani kwa sabuni, polepole, akaingia ndani. Walimsikia mtoto akicheka.

Dawa ile kali ilifanya kazi. Chuchu za mbele zilibaki. Za nyuma zote mbili zilikauka, na Bibi Harusi akawa ngamia wa nusu kiwele, maziwa ya kumtosha ndama na kupeleka dumu moja dogo kituoni. Mchinjaji hakuitwa. Kiburi naye alichomwa ile dawa kali, akatengwa.

"Amekutukana?" fundi alimuuliza mkewe, alipoelezwa yote, mikono yake yenye makovu ya moto ikiwa juu ya meza.

"Hajanitukana."

"Ungeomba akutukane," alisema fundi, akatoka nje.

Kwenye foleni, alikofika bila maziwa ya kupeleka, Bi Usafi alijiandaa kwa kicheko. Alijua zamu yake imefika, na alikuwa tayari kukimeza chote. Hakikuja. Mtu alimuuliza Spika mbona dumu limepungua, Bibi Harusi alipatwa na nini, na Spika, ambaye angeweza kulisema kwa pumzi moja likafika mwisho wa barabara, alijibu, "Ugonjwa tu. Kapona." Mama wa Kona alikuwa nyuma yao. Bi Usafi alimgeukia amwambie lolote, hata samahani, lakini Mama wa Kona alikuwa anatazama dirishani, akisubiri zamu yake kama watu wote.

Hakuna aliyemwambia aache kwenda kumkamua Bibi Harusi, kwa hiyo aliendelea kwenda. Spika alimfungulia, akamwacha akamue, akachukua maziwa. Alizungumza: jua ni kali, nyasi zimeadimika, mtoto ameota jino. Alizungumza kwa sauti ya kiasi, kama watu wengine, na Bi Usafi akajifariji kwamba haya mambo yanahitaji muda, na kwamba siku moja atasikia anaitwa tena juu ya mabati.

Asubuhi moja alikuta mlango wa zizi uko wazi. Spika alikuwa ameshasimama chini ya Bibi Harusi, mguu juu ya goti, ndoo pajani, mikono yote miwili ikivuta zile chuchu mbili za mbele. Kidoti alikuwa amefungwa kwenye nguzo. Mjukuu alikuwa mgongoni mwa bibi yake, amelala, mdomo wazi.

"Nimekuja kukamua," alisema Bi Usafi.

"Nimeshaanza," alisema Spika, bila kugeuka, kwa upole kabisa. "Asante, dada."

Dada ndivyo Spika alivyowaita wanawake wa dukani, wauza nguo wa barabarani, yeyote asiyemjua jina. Bi Usafi alisubiri pale mlangoni, labda angecheka, labda angesema anatania. Spika aliendelea kukamua.